Figo Linaloota Ukame

Mpaka leo ananijia ndotoni, hasa nikisinzia mchana na mvua imeanza kugonga bati. Hapigi hodi. Hasalimii. Anapita mlango wa jikoni ameinama kidogo kwa sababu ya urefu wake, anatoa kijiko cha mti mfukoni mwa koti, anafunua sufuria, anaonja, anafumba macho. Mimi nasimama na mwiko mkononi nangoja aseme, moyo unadunda kana kwamba nimeiba. Halafu naamka kabla hajasema. Najilaza tena nimtafute, lakini wapi! Dokta hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili, hata alipokuwa hai.

Sote tulimwita Dokta, ingawa mwenyewe hakupenda. "Mimi ni tabibu," alikuwa akisema. "Dokta yuko hospitali kubwa, ana gari na feni." Nani angemsikiliza? Kwetu sisi watu wa Kasokola, mwenye koti jeupe na mpira wa kusikilizia moyo shingoni ni dokta, yamekwisha. Zahanati yake ilikuwa Mpanda mjini, upande wa stesheni, nyumba ndefu ya bati yenye veranda na benchi moja refu lililochakaa katikati. Alikozaliwa sijui vizuri, na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Najua tu kwamba alikuwa Mfipa, maana alipokasirika Kiswahili kilimkimbia na Kifipa kikabaki peke yake.

Jumanne mchana ilikuwa zamu ya watu wa presha. Miaka ile ya tisini presha ilikuwa bado jambo geni kwetu. Tuliona ni ugonjwa wa watu wanene wa mjini. Benchi la Dokta lilikuwa linakataa habari hiyo. Hapo alikaa Msukuma mkonde aliyeshinda juani na ng'ombe, hapo alikaa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitenge, hapo alikaa mama wa kuuza asali, wote mkono wa kushoto umekunjwa nguo mpaka begani, wanangoja.

Mashine yake ilikuwa ya zebaki, imo ndani ya sanduku la chuma kama la fundi saa. Alipokuwa anapima alifumba macho, kichwa kimelala upande, uso umetulia, unadhani anasikiliza mvua inayonyesha kijiji cha pili. Benchi zima lilinyamaza, hata watoto. Kama treni ilikuwepo na ikapiga honi, alifumbua macho, akaachia upepo wote, akaanza upya. Hakulalamika. Kuna Jumanne treni ilisumbua mara nne na mzee wa vitenge mkono ukamvimba, akasema, "Dokta, nenda basi kaipime yenyewe, inaonekana ina presha kuliko sisi." Dokta alicheka hadi akavua miwani.

Kidole gumba chake kilifanya kazi kuliko mashine. Alikubonyeza mguu juu kidogo ya kifundo, akahesabu kimoyomoyo, akaachia, akatazama. Shimo likibaki, aliguna. Na hakuchagua mahali: sokoni, msibani, kwenye foleni ya bomba. Siku moja, tena mbele ya wageni wa harusi, aliinama akambonyeza mguu mama wa bwana harusi aliyekuwa anacheza. Watu walidhani ni mila za Ufipa, wakapiga vigelegele. Mama yule alikuja zahanati Jumanne iliyofuata, ananung'unika, na alikuwa na presha kweli.

Neno "umepona" halikuwa mdomoni mwake. Ungekuja umepungua uvimbe, unaruka kama ndama, yeye angesema tu, "Leo umeamka vizuri. Tuonane Jumanne." Mwingine alimuuliza kwa hasira, "Sasa nitapona lini?" Akajibu, "Presha ni kama kuni, baba. Hakuna siku utasema umemaliza kuokota."

Lakini jamani, mtu huyu alikuwa na mambo yake. Kuna mama mmoja alikuwa analeta migebuka ya chumvi kutoka Kapalamsenga ziwani, samaki wakavu wenye mng'aro wa chumvi mgongoni. Alipita zahanati kwanza kabla ya soko, kwa sababu mteja wake mkubwa alikuwa humo. Dokta alinunua, akafunga kwenye gazeti, akasukuma chini ya meza, kisha akageukia benchi: "Nyie, chumvi acheni." Harufu imejaa chumba kizima! Mzee wa vitenge akauliza kwa upole, "Dokta, hiyo inayonukia ni dawa ya nini?" "Ya nyumbani kwangu," akasema. "Mganga hajigangi!" mzee akadakia, na benchi likaangua kicheko, na Dokta mwenyewe akacheka zaidi ya wote.

Siku hiyohiyo mzee akamwambia, "Hebu lete mkono nikupime mimi, nimeshakariri." Dokta akafunga sanduku la mashine, taratibu, vifungo viwili. "Imechoka," akasema. Hatukufikiria zaidi ya hapo.

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana bila yeye Dokta ninayemkumbuka asingekuwepo.

Sisi ni Wasukuma. Tulihama Shinyanga na ng'ombe mimi ningali mdogo, baada ya ukame uliomaliza nusu ya zizi. Safari yenyewe naikumbuka kama ndoto tu: vumbi, kengele za ng'ombe, mama anatembea nyuma ya mkokoteni mkono umeshika gunia la magadi lisianguke. Kasokola tulikuta mvua. Mvua hasa, ya matope mpaka magotini, majani yanaota hadi kwenye kizingiti. Lakini mama hakuamini. Kila mvua ilipoanza alitoka mbio na vyombo: mitungi, madebe, mabeseni, hata kikaango. Nyumba nzima ilikuwa maji. Ukitaka kukaa, unasogeza mtungi. Baba alimtania, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huku mvua haiishi." Mama akajibu, "Hata kule tulisema hivyohivyo."

Mwaka niliomaliza darasa la saba nikabaki nyumbani kupika, mama alianza kuamka uso umevimba. Kandambili zikagoma kuingia. Kichwa kinagonga, anasema, kama kuna mtu anatwanga ndani. Nilimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati. Dokta alibonyeza mguu, akapima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia wa kushoto. Kisha akachukua mkojo wake katika kichupa chembamba cha kioo, akaupasha juu ya taa ya spiriti. Ukabadilika, ukawa mzito na mweupe kama uji. "Mafigo yameumia," alisema Dokta. "Yanavujisha kilichotakiwa kubaki kwenye damu."

Akampeleka hospitali kubwa, safari ya treni, na mama akarudi na maneno yaleyale aliyoondoka nayo: mafigo yameumia siku nyingi, hayatengenezeki, kilichobaki kilindwe. Dokta hakuzungusha. "Mama, kinachoyamaliza ni presha," alisema. "Isiposhuka, hiki kidogo ulichobakiwa nacho kitaisha. Kikiisha, sina cha kukupa. Na huku Mpanda hakuna mwenye nacho."

Mama hakulia. Aliuliza, "Figo na presha wanajuana wapi? Presha si mambo ya moyo?"

Hapo Dokta alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Alikuja akakaa kwenye benchi, kati ya wagonjwa, magoti yake marefu yamechongoka mbele.

"Nasikia nyumbani kwako kila chombo kina maji," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mumeo."

Benchi likacheka. Mama akamkata jicho baba aliyetusindikiza siku hiyo, na baba akajifanya anaangalia ng'ombe barabarani.

"Kwa nini unakinga, na huku mvua ipo?"

"Nimeuona ukame, Dokta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Basi figo lako ni wewe mtupu," alisema Dokta. "Lina makovu. Penye kovu damu haifiki vizuri, kwa hiyo figo linaona mwili mzima umekauka. Damu ipo, maji yapo, lakini lenyewe linaota ukame. Sasa linatoa homoni. Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu, na huo wa figo unaitwa renini. Ukitoka, unaamsha mwingine wenye nguvu zaidi, na huo wa pili unaiambia mishipa yote: jibaneni! Halafu unapanda kwenye kijitezi kilichokaa juu ya figo kama kofia. Nacho kinatoa homoni yake, kinasema: shikeni chumvi, msiachie hata punje. Chumvi ikishikwa, maji nayo yanabaki. Mishipa imebana, ndani kumejaa. Presha ifanye nini? Inapanda. Na ikipanda inalipiga figo lilelile, makovu yanaongezeka, linazidi kuota."

Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wa mama kifuani. Nilikuwa nimeshasoma habari za figo shuleni, mchoro wa maharage mawili na mirija, nikapata alama nzuri, na sikuwa nimeelewa chochote. Mama, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alikaa akitazama miguu yake. Kisha akasema:

"Kwa hiyo halijui kama tumeshahama."

Dokta alimgeukia.

"Halijui, mama," akasema. "Halijui kabisa."

Alimpa dawa ya kukojoa, na vidonge vingine vilivyokuwa vipya siku hizo, vya kuuzuia ule ujumbe njiani kabla haujaifikia mishipa. Vilikuja kwa treni, vikichelewa alikuwa anasimama verandani anaangalia reli kama mtu anayengoja mchumba. Na akatoa amri moja kwa mama, na kwangu mimi niliyekuwa napika: chumvi, hapana. Siku hiyohiyo nilichukua kopo letu la chumvi nikampa jirani, pamoja na kopo lenyewe.

Presha haikushuka.

Jumanne moja, nyingine, nyingine tena. Dokta anafumba macho, anafumbua, na kila akifumbua nauona uso wake unakaza zaidi. Akaongeza dawa. Haikushuka. Mama akaanza kuchoka hata kutembea toka kitandani mpaka uani, chakula kikawa kinamrudia, na mimi nilianza kuhesabu moyoni vitu ambavyo sijui kuvifanya bila yeye: kukamua ng'ombe mkali, kusuka kapu, kuzungumza na baba.

Ikafika Jumanne ya aibu. Dokta aliachia upepo wa mashine, akavua miwani.

"Mama, unanidanganya."

"Sijala chumvi, Dokta."

"Zebaki haina sababu ya kusema uongo. Sasa ni nani hapa anayesema uongo?"

Mbele ya benchi zima. Mama yangu ni Msukuma mwenye wajukuu, mtu ambaye wanawake wa Kasokola walimpelekea ugomvi wao auamue. Alishusha nguo juu ya mkono wake, akafunga kanga, akatoka. Njiani alikataa kukaa kwenye baiskeli. Alitembea mbele yangu, taratibu, anahema, mpaka nyumbani. "Sirudi tena kwake," alisema alipofika mlangoni, na kwa Jumanne mbili hakurudi. Vidonge vikabaki kwenye karatasi yake juu ya kabati.

Nilimchukia Dokta, nisifiche. Na nitasema na baya zaidi: mama alipolala, nilifungua pindo za kanga zake nikatafuta chumvi. Nilikuta ugoro na sarafu moja. Aibu niliyoisikia pale bado ninayo.

Dokta alikuja mwenyewe, Jumamosi asubuhi, kwa baiskeli, kuna manyunyu na ukungu mpaka huoni zizi. Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa kwa ajili ya upepo, kwa hiyo akaingia wa jikoni. Mwanamume, jikoni kwa Wasukuma! Baba angekufa kwa kicheko. Dokta akavuta kigoda, akakaa, maji yanamchuruzika kwenye koti.

"Shikamoo," nilisema kwa kununa.

"Marahaba, Kabula. Endelea na kazi yako. Nimekuja kuona unavyopika."

Nilikuwa napika nsansa, yale majani ya kunde tunayochemsha na kukausha. Nikaosha, nikabandika. Nikaenda kwenye gunia pembeni, nikavunja kipande kwa jiwe, nikakiloweka, nikangoja uchafu utuame, nikamimina maji yake meupe ndani ya chungu. Yakatoa povu, majani yakaanza kulainika.

"Hicho nini?"

"Magadi."

"Magadi ya nini?"

Nikacheka, chuki yote nikaisahau kwa sekunde. "Ee Dokta, nsansa bila magadi itatafunwa na nani? Na maharage yatawiva mwaka gani?"

"Mnatia kila siku?"

"Kila siku. Tumehama nayo, ya Shinyanga hiyo."

"Hata tangu niwakataze chumvi?"

"Lakini hii si chumvi."

Alichovya kidole kwenye kile kibakuli cha magadi, akaweka ulimini, akafumba macho. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifumba macho kwa kitu cha jikoni. Mvua ilianza kukolea nje na mama akaanza kukohoa chumbani, nasi tukakaa vile, yeye na kidole chake hewani.

"Magadi na chumvi ni watoto wa tumbo moja," alisema mwishoni. "Kile mwili wake unachokishika ndani ya chumvi, kimo humu pia. Mchana kutwa nampa dawa ya kukitoa, jioni wewe unakirudisha."

Mimi. Si mama, si pindo za kanga zake. Mimi, kwa mkono wangu, kwa mapenzi, nikikoroga vizuri ili ale. Nilikaa chini palepale kwenye majivu nikalia kama mtoto.

"Nyamaza," alisema Dokta. "Mke wangu anatia. Mimi mwenyewe jana usiku nimekula maharage yenye magadi. Nimekaa miaka yote nawauliza watu chumvi, chumvi, na kwa mtu wa huku chumvi ni ile ya kopo tu. Nimeuliza swali nusu, mama yako akanijibu kweli tupu."

Akanyanyuka, akamwaga chungu chote nje. Tukapika upya wawili, nsansa ya maji matupu, tukaongeza kitunguu na pilipili, tukakamulia ndimu. Ilichukua muda wa kuua mtu kwa njaa. Mama alitoka, akamkuta Dokta amekaa jikoni kwake na ungo magotini, na kwa mshangao akasahau kuwa hazungumzi naye. Tukala. Mama alitafuna, akatafuna, akasema:

"Hiki ni chakula cha wafu."

"Wafu hawali, mama," alisema Dokta, naye anatafuna kwa shida hiyohiyo. Akanisogezea sahani yake. "Kabula, ongeza."

Pale jikoni hakuomba msamaha. Alisema tu, "Jumanne nakuomba uje." Nasi tukaenda. Benchi lilikuwa limejaa. Dokta alitoka na mashine yake, akaiweka chini, akasimama mbele ya watu wote, mikono imeshikana kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Jumanne ile nilimwita mama huyu mwongo, na nyie mlisikia," alisema. "Basi msikie na hili. Hakusema uongo. Mimi ndiye nisiyejua kuuliza. Mama, nisamehe."

Hata treni ingepiga honi tusingesikia. Mama alimwacha asimame. Alikuwa mwema mama yangu, lakini hakuwa mwepesi, na alimwacha asimame mpaka mzee wa vitenge akakohoa. Ndipo akakunja nguo, akanyoosha mkono.

"Pima," akasema.

Haikushuka siku ile. Ilianza kushuka baada ya wiki chache, kidogokidogo, na uvimbe nao ukaondoka usoni, nikaanza tena kumwona mama yangu ndani ya ule uso. Gunia la magadi tulilihamishia zizini, ng'ombe wakalamba wakafurahi. Dokta naye akajichongea kijiko cha mti, akakitia kwenye mfuko wa koti, na tangu hapo hakuuamini mdomo wa mgonjwa, aliamini sufuria yake. Hakuna nyumba ya mtu wa presha Mpanda ambayo hakuingia kwa mlango wa jikoni. Wanaume walinuna mwanzoni, wakazoea. Na pale benchini wimbo ukawa mrefu: "Chumvi?" "Hapana!" "Magadi?" "Hapana!" "Samaki wa chumvi?" Hapo wote walichungulia chini ya meza yake kabla ya kujibu.

Miaka ikaenda. Alistaafu akahamia Mwese, kule vilimani, kwa ndugu za mkewe, na zahanati akaja kijana mwenye haraka. Tukawa tunasikia habari zake kwa wapita njia: analima maharage, amefuga mbuzi. Halafu muongo unaelekea mwisho, mpita njia mmoja akasema Dokta havai tena viatu. Mama aliacha kupepeta. Alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini alikuwepo. Ameshapokea wajukuu watatu kwa mikono yake tangu siku ile ya nsansa. Akaingia ndani, akarudi na ndimu sita zimefungwa kwenye kitambaa.

"Nenda Mwese," alisema. "Ukafunue sufuria yake."

Nilipanda lori la mahindi mpaka lilipokwama, nikamaliza kwa miguu. Vilima vya Mwese asubuhi ni ukungu mtupu. Unasikia jogoo, unasikia mtu anakata kuni, humwoni yeyote. Nilitembea humo nusu nikiwa macho, nusu sijui. Nyumba yake ilinitokea ghafla, na yeye verandani, amejifunika blanketi, miguu mitupu juu ya kigoda. Uso wake ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeshauona uso huo, kwa mtu mwingine.

Sikumsalimia. Nilimpita nikaenda jikoni. Mkewe, mama mfupi mwenye macho ya upole, alikuwa mbele ya chungu cha maharage. Nikafunua, nikachota kidogo kiganjani, nikaonja. Yalikuwa laini yanayeyuka, na ule utelezi wa magadi mwishoni mwa ulimi ninaoujua kuliko jina langu. Mkewe akaangalia pembeni. "Anasema magumu yanamuumiza meno," alisema kwa sauti ndogo.

Nikarudi verandani. "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Siku hizi mnapita wazee bila salamu?"

"Umenifundisha mwenyewe."

Akacheka bila sauti. Kisha akaona uso wangu, akanyanyua kidevu. "Sili chumvi," alisema. "Muulize mke wangu."

Neno lilinijia mdomoni likiwa zima: *unanidanganya*. Nilikuwa nimelitunza miaka yote hiyo, ninajua lilivyosemwa, ninajua lilivyomtembeza mama yangu kwa miguu mpaka Kasokola. Nikalimeza. Nilichuchumaa, nikaweka kidole gumba juu ya kifundo chake, nikahesabu, nikaachia. Shimo likabaki. Tuliliangalia wote wawili.

"Nilijipima mwaka uleule wa mama yako," alisema. "Mlango nimefunga, treni haipo. Nilijua, Kabula."

"Sasa kwa nini?"

Alivuta blanketi. "Nilikuwa naogopa kukaa kwenye lile benchi," alisema. "Kukaa upande wa nyie."

Nilitaka kumgombeza na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili sikuweza.

"Mama yako yupo?" aliuliza.

"Yupo. Yeye ndiye kanituma."

"Bado anakinga maji?"

"Kila chombo."

Alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, na nikaona anatabasamu.

Nikanyanyuka. Maharage yale niliyamwagia kuku, mkewe akiniangalia bila kunizuia. Tukabandika mengine kwa maji matupu, tukakaa wanawake wawili kuchochea kuni mbichi, macho yanatoka machozi ya moshi. Ukungu ulipanda, jua likatoka, likaanza kuinama, ndipo yakawiva. Nikakata kitunguu. Nikakamua ndimu za mama. Nikampakulia, nikajipakulia na mimi, nikaanza kula mbele yake.

Akatoa kijiko cha mti chini ya blanketi. Kimeisha ncha, cheusi kwa miaka. Akachota, akatia mdomoni, akafumba macho vilevile alivyokuwa akifumba juu ya mashine, kichwa upande, na mimi na mkewe tukanyamaza kama benchi. Alitafuna muda mrefu.

"Hiki ni chakula cha wafu," akasema.

"Wafu hawali, Dokta."

Alifumbua macho akanitazama. Sijui aliona nini. Labda kigoda kile na koti linalochuruzika maji. Akainama kwenye sahani, akala mpaka akaikwangua, kisha akainyoosha kwangu kwa mikono yote miwili.

"Ongeza," akasema.